Majani Niliyochelewa Kuyang'oa

Mujomba wangu mpendwa,

Kabla katekista anayekusomea barua hii hajaendelea, namwomba akushike mkono mtoke nje, mkae pale uani ambapo watu wanaokwenda kisimani wanaweza kusimama na kusikiliza. Barua hii haina siri. Kosa langu nililifanya mbele ya watu, na sitaki kulitengeneza ndani ya nyumba mlango ukiwa umefungwa. Kama muzee Bahizi bado anatembea, aitwe. Apewe kiti kizuri, maana yeye ndiye atakayecheka wa kwanza.

Naandika kutoka Goma. Nimekaa kitandani, mguu wa kushoto uko juu ya gunia la majani makavu. Jumanne kupekupe, kile chuma kirefu kilichopinda mwishoni tunachokatia majani, iliruka juu ya jiwe ikaniingia chini ya goti. Ni kosa langu, nilikuwa nimechoka na nilikuwa nawaza mambo mengine. Mganga wa dispensari amenishona, akaniambia mguu huu usiende mbali mpaka mwezi uishe. Kuja kwako ni lori mpaka Sake, kisha siku mbili za kupanda kwa miguu katika matope ya mvua. Siwezi. Ndiyo maana nimetuma karatasi badala ya miguu, na ninajua vizuri kwamba wewe na karatasi yangu hamkuachana kwa wema.

Aliyenifanya niandike ni Ramazani, yule dereva Mwislamu anayeacha lori Sake akapanda kwa miguu na wapagazi kuchukua siagi na viazi huko kwetu. Alikuja Jumamosi, hata hakukaa, akasimama mlangoni akiwa anakula karanga.

"Bwana Majani," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Mujomba wako anakusalimia. Macho yake imezimika yote mbili. Anasema Bihogo amezeeka. Na anauliza: ule mutoto, kitabu chake alikwisha kukisoma ao bado?"

Nikamwuliza kama ulisema hivyo kwa hasira.

"Hapana. Alicheka. Alicheka kisha akakohoa, akakohoa mpaka bibi yake akamushika mabega. Sikiliza, ndugu. Mimi si mutu wa jamaa. Lakini kama uko na neno la kumuambia, usingoje mvua iishe."

Alipokwisha kwenda niliomba karatasi. Miaka tisa, mujomba. Ulinipa ng'ombe huyo, Bihogo, na mpaka leo sijakung'olea majani.

Watoto wanaosikiliza hapo huenda hawajui, na Ramazani anayebeba barua hajui, kwa hiyo naeleza. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, hushiki kamba ukaenda zako ukasema asante. Unachukua siku, unapika pombe, unaita watu. Ukiwa njiani kurudi kwa aliyekupa, unapita pale ng'ombe wako anapolisha, unang'oa majani aliyokuwa anayala, mizizi na yote. Unafika, unasimama mbele ya watu, unamsema ng'ombe: rangi yake, pembe zake, anakula nini, maziwa yake yana harufu gani, na ni nani aliyekupa. Ukimaliza, aliyekupa ananyosha mkono, nawe unamwekea majani yale mkononi. Hapo ndipo ng'ombe anakuwa wako kweli, na ninyi wawili mnakuwa watu wa majani mamoja. Tunaita gukura ubwatsi. Asiyefanya hivyo anaweza kubaki na ng'ombe, lakini watu watasema ng'ombe huyo alipotea njia akaingia kwake.

Nakumbuka ulivyonifundisha majani kabla hujanipa ng'ombe. Baba alikuwa amekufa, mama akanileta kwako wakati wa likizo ya shule ya misheni ili nisikae bure nikila tu. Tulikuwa tukitoka na ng'ombe umande ukiwa bado, ukungu umelala juu ya kilima hata hatukuona ng'ombe, tulisikia tu meno yao yakivuta majani. Ulikuwa unasimama, unainama, unang'oa, unaweka mdomoni. Kisha unanipa mimi.

"Tafuna. Hii ni nini?"

"Sijui, mujomba."

"Hujui, au ulimi wako umelala shuleni? Tafuna tena."

Nilitafuna ishinge, lile jani jembamba kama uzi ambalo mama analitandika ndani ya nyumba wageni wakija. Nilitafuna umucaca unaotambaa chini na kushika udongo kwa vidole vyake, ulio mtamu mwanzoni. Nilitafuna urwiri ambao wakulima wanauchukia kwa sababu unarudi hata ukiuchimba mara saba. Ulinionyesha lile jani la vipande vitatu linalovimbisha tumbo la ng'ombe akilila likiwa na maji. Ulisema mtu anayechunga bila kujua haya anatembeza ngozi tu.

Na jioni, wakati ng'ombe wanaingia na moshi wa majani mabichi unafukuza nzi, uliwasema mmoja mmoja. Huyu alivuka mto fulani, huyu alikataa majani ya kilima fulani akarudi peke yake, huyu maziwa yake yanajua mwezi. Nilikuwa nakaa juu ya kisiki nikisikiliza. Sikujua kwamba yale ni maneno ya kuhifadhi. Nilidhani maneno ya kuhifadhi ni yale ya daftari.

Mwaka wa nne misheni, mwalimu wetu alitupa kitabu cha kusoma chenye picha. Kulikuwa na ukurasa mmoja wa shamba kubwa la majani huko Ulaya. Ng'ombe weupe na weusi wamelala, kengele shingoni, maua, kijito, mbingu. Maneno yalisema majani ni mabichi, ni laini, yamejaa jua, na moyo wa mtu hupumzika akiyatazama. Nilikuwa nausoma ukurasa huo bila kukwama hata mara moja. Mwalimu aliniita mbele ya darasa lote, na mkaguzi alipokuja aliniita tena. Mkaguzi akanipiga bega akasema, "Huyu atafika." Kichwa kikavimba, mujomba. Nasema ukweli. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyebeba yai.

Mwaka ule ule ulinipa Bihogo. Mtamba mwekundu wa kahawia, mwenye doa dogo jeupe kwenye kwato la nyuma. Mama alifurahi mpaka akalia, akapika mitungi miwili ya pombe ya mtama. Siku ya kuja kwako alitembea nyuma yangu, mtungi mmoja kichwani, akinifundisha.

"Anza na rangi. Usiseme nyekundu tu, hata tofali ni nyekundu."

"Nasikia, mama."

"Kisha majani. Kaka yangu anapenda majani. Tutapita pale chini uyang'oe."

"Mama, mimi nina maneno mazuri kuliko hayo."

Akausogeza mtungi kichwani. Tulipita pale Bihogo alipokuwa analisha, na sikusimama. Mikono yangu ilikuwa imeshika kitabu nilichokiazima shuleni, nimekifunga ndani ya kitambaa kisichafuke.

Unakumbuka uani palivyojaa. Nilisimama, nikafungua kitambaa, nikafungua kitabu, nikasoma. Nilisoma ukurasa wote kwa sauti ya darasani, majani yamejaa jua, moyo unapumzika, kengele zinalia. Hakuna aliyekohoa. Nilidhani ni ajabu imewashika. Nilipomaliza, ulinyosha mkono wako.

Na mimi nikakuwekea kitabu.

Nilidhani unataka kuona picha. Naapa ndivyo nilivyodhani. Ulikitazama muda mrefu, ukakisogeza karibu na macho, ambayo labda yalikuwa yameanza kuchoka hata wakati ule. Kisha ukaniuliza, kwa upole kabisa:

"Ng'ombe hawa wanakula nini?"

"Majani, mujomba."

"Majani gani?"

"Majani tu. Imeandikwa majani mabichi."

Hapo muzee Bahizi akaweka kikombe chini akasema, "Muwaache. Ng'ombe wa karatasi wanakula karatasi." Watu wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Mwingine akauliza kama maziwa yao hukamuliwa kwa wino. Wewe peke yako hukucheka. Ulikifunga kitabu, ukanirudishia kwa mikono miwili, ukawaambia watu, "Mutoto amesoma vizuri. Kunyweni." Wakanywa, mitungi ikaisha, wakaenda. Hakuna jani lililong'olewa siku ile.

Njiani kurudi, mama alisema neno moja tu: "Umemwacha kaka yangu na mkono hewani." 

Ungeweza kumchukua Bihogo. Watu wote wangesema ni haki yako. Hukumchukua. Ulituma neno kwamba ng'ombe wangu anaendelea vizuri, kwamba yuko kwako kwa sababu majani ya huko ni mazuri, na kwamba siku nitakapokuwa tayari nije. Ulisema "ng'ombe wako". Lile neno liliniuma kuliko kicheko cha Bahizi. Miezi michache baadaye nilitoroka shule, nikashuka Goma. Nilimwambia kila mtu ni kazi inaniita. Ilikuwa aibu. Mama alipokufa nilikuja kumzika, ulinisimamia kaburini kama baba, na hata siku ile sikuweza kukutazama. Nilirudi Goma asubuhi yake.

Sasa nikueleze kazi ninayofanya, maana sidhani kuna mtu aliyekuambia vizuri. Nakata majani. Asubuhi kengele inapigwa, kapita, msimamizi wetu, anatupanga mstari, watu ishirini, na tunakata majani ya uwanja wa ndege. Mkono wa kulia unakwenda na kurudi, mgongo umepinda, mmoja anaimba wengine wanaitikia ili chuma ziende pamoja. Tukifika mwisho, yale tuliyokata mwanzoni yameanza kuota tena. Baada ya uwanja, tunakwenda kwenye nyumba za Wazungu kando ya ziwa, huko majani yanakatwa mafupi kama nywele za mwanafunzi. Tunayokata tunayachoma, au tunayatupa shimoni. Mwaka wa kwanza sikuweza kuyatazama yakiungua. Nilikuwa nahesabu kichwani ng'ombe wangapi wangeshiba. Baadaye niliacha kuhesabu, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Goma imejengwa juu ya mawe meusi ambayo mlima uliyatapika zamani. Udongo hakuna. Mwenye nyumba mmoja alitaka majani mbele ya baraza yake, basi tulipakia udongo kwa lori kutoka Kibumba, tukaumwaga juu ya mawe, tukausawazisha kwa mikono. Kisha yakaja majani mafupi ndani ya magunia yaliyoloweshwa, tukayapanda jani moja moja, tumepiga magoti siku nne. Tulimwagilia maji ya ziwa asubuhi na jioni. Yalipoota yalikuwa mazuri, mujomba, siwezi kusema uongo. Yalikuwa kama ule ukurasa. Na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuyakanyaga, wala kitu chochote kuyala. Nilikuwa sijawahi kuona majani yanayolindwa yasiliwe.

Siku moja mchungaji alikuwa anapitisha ng'ombe barabarani. Mmoja akatoka, akapenyeza shingo kwenye ua, akaanza kula. Mpishi akapiga kelele. Kapita akaniambia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu, "Fukuza, upesi." Nikachukua fimbo, nikampiga ng'ombe. Nilimpiga puani. Akaniangalia, majani yametoka pembeni mwa mdomo, kama mtu uliyemzaba kofi akiwa anakula mezani. Mchungaji wake alikuwa muzee wa kwetu, nilimjua kwa namna alivyoshika fimbo mabegani. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa lugha yetu, "Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"  Nilijifanya sijui lugha.

Nilimpiga ng'ombe kwa sababu amekula majani. Nimeliandika hapa ili lisomwe kwa sauti. Tangu siku ile ndipo nilipoanza kufikiri juu ya mkono wako uliobaki hewani.

Nimefikiri sana juu ya kile kitabu pia. Zamani nilikichukia, nikasema kilinidanganya. Sasa sisemi hivyo. Nadhani mtu aliyeandika ule ukurasa alikuwa amekaa mahali fulani mbali, kwenye mji wa mawe kama huu, akikumbuka majani ya kwao. Ukiwa mbali, kitu cha kwanza kinachobaki ni rangi. Najua kwa sababu imenipata. Miaka ya kwanza hapa nilikuwa nikifumba macho naona kilima chako na kila jani mahali pake, ishinge kwenye mteremko, urubingo mrefu kule bondeni penye maji. Miaka ikapita, nikifumba macho naona kilima cha kijani, basi. Kijani tu. Yule mwandishi alikuwa amefika hapo. Aliandika alichobaki nacho, na kwa alichobaki nacho aliandika vizuri.

Lakini katika maneno yako yote ya jioni, na nimejaribu kuyakumbuka yote, sikusikia hata mara moja ukisema majani ni ya kijani. Nani angesema hivyo kwa mtu aliyesimama ndani yake mpaka magotini? Ulisema jina, ulisema ladha, ulisema ni nani aliyeyala na maziwa yakawaje. Maneno ya kitabu yanayatazama majani. Maneno yako yalikuwa yanayatafuna. Nilipoelewa hilo nilianza kuogopa kwamba nitayapoteza majina. Nikawa nang'oa jani uwanjani, natafuna, natafuta jina. Kapita akaniona.

"Weye! Unakata ao unakula?"

"Nakata, kapita."

"Mbona unatafuna kama mbuzi?"

Mstari wote ukacheka, na mimi nikacheka nao. Tangu hapo wakaniita Mbuzi, mpaka Ramazani alipolileta jina lake la Bwana Majani, ambalo angalau lina heshima. Lakini majina yamerudi, mujomba. Si yote. Mengi.

Kwa hiyo sasa nasimama. Mganga asijue. Nimeshika kitanda kwa mkono mmoja na nimesimama kwa mguu mmoja, na maneno haya nimeyasema kwa sauti kwanza ndipo nikayaandika. Katekista naye asimame akiyasoma. Mimi ni mtu wa mwaka wa nne ambao haukuisha, na maneno yangu si kama yako. Wanaojua wanivumilie.

Namsema Bihogo niliyepewa na kaka wa mama yangu.
Rangi yake ni udongo wa kichuguu mvua ikiwa imetoka kunyesha.
Pembe zake zinapanda kama mikono ya mama anayepokea mtoto mgongoni.
Kwato lake moja lina doa, alikanyaga ukungu asubuhi ya kuzaliwa na ukungu haukutoka.
Hakimbilii majani. Anaanza ukingoni, anaacha ya katikati kwa ajili ya jioni.
Umucaca anaungoja ukauke umande, kwa maana ana subira kuliko mimi.
Urwiri anaula bila kuuliza ni adui wa nani.
Lile jani la vipande vitatu analinusa, anapita, anatuachia sisi wajinga.
Wakati wa ishinge maziwa yake ni mepesi, yanafaa mgonjwa.
Wakati wa umucaca maziwa yake ni mazito, kijiko kinasimama.
Aliyenipa alikuwa na haki ya kumrudisha, hakumrudisha.
Alisema ni ng'ombe wangu wakati mimi sikuwa mtu wake.
Alimlisha miaka tisa kwa jina langu.
Mimi nilikata majani miaka tisa, na yeye alimlisha Bihogo, na ni yeye aliyenishibisha.

Nimemaliza. Sasa nyosha mkono wako, mujomba.

Ramazani atakuwekea kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. Ni kitambaa kile kile. Kitabu nilikirudisha shuleni, kitambaa kilibaki kwangu. Ndani kuna majani niliyoyang'oa na mizizi yake kabla sijaumia, nikiyatafutia majina, nikayafunga kwa uzi mafungu manne. Siwezi kuja kuyang'oa pale anapolisha Bihogo, na kama Bahizi atasema haya ni majani ya Goma na si halali, mwambie nimekubali, nitakapopona nitakuja kung'oa na yale. Lakini haya nayo yapokee. Najua huyaoni. Tia mdomoni. Fungu lenye uzi mmoja nimelitoa kando ya uwanja wa ndege. Lenye nyuzi mbili linatoka Mapendo, nyuma ya nyumba ninayolala. La nyuzi tatu nimelipata ziwani, penye mchanga. Hayo utayajua kabla hujayatafuna mara mbili, na utaniambia kama nimekosea majina niliyoyaandika nyuma ya karatasi hii, ambayo katekista atakusomea.

Fungu la nne ni jani moja peke yake. Mwezi uliopita tulipelekwa upande wa Kibati kuvunja mawe ya barabara, pale ambapo moto wa mlima ulipita ukaua kila kitu. Ni mawe meusi mpaka macho yanachoka. Katika ufa, mahali pasipo na udongo hata wa kujaza kiganja, nilikuta jani hili. Jembamba, kichwa chake kina rangi kama ya damu iliyokauka, mizizi imeshika jiwe tupu. Nilitafuna kipande. Linaanza na uchungu, kisha linaacha kitu kama chumvi nyuma ya ulimi. Nilimwuliza mtu wa Kibumba tunayevunja naye mawe hili ni jani gani. Akaniambia, "Majani tu." Nikamwuliza mama anayeuza maharage Mapendo. Akasema, "Baba, ni majani tu."  Jibu hilo nalijua, niliwahi kulitoa mimi mwenyewe mbele ya watu.

Nimekaa nalo mwezi mzima kwenye kopo lenye maji, na halina jina. Labda ninyi wa zamani mlikuwa nalo. Labda hakuna aliyewahi kulipa jina. Wewe litafune, polepole, kama ulivyokuwa ukinifanya nitafune, kisha lipe jina.

Ramazani atalala huko usiku mmoja, kesho yake anashuka na siagi. Simtumi aniletee maziwa, wala ndama, wala maneno mengi ya msamaha, maana najua kukohoa kunakuchosha. Aniletee jina hilo tu. Akisimama mlangoni na karanga zake akalitamka, nitajua kwamba majani yamefika mkononi mwako na kwamba mkono umefungwa juu yake.

Nami nitalisema uwanjani, kwa sauti, mbele ya kapita.

Ukae kwa amani uani pako, na Bihogo azeeke karibu nawe asikie ukikohoa akujibu.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, mwenye ng'ombe.